Kisu cha Kutegemewa: Tazama Msuka Kabla ya Mng'aro



Kila msimu wa karafuu unapokaribia, madukani huletwa visu na mapanga mapya, na wengi wetu hununua kwa kutazama mambo mawili tu: bei na mng'aro. Mambo hayo mawili ndiyo yadanganyayo zaidi. Kisu hakivunjiki pale panapong'aa. Huvunjika pale pasipoonekana, ndani ya mpini. Katika makala hii twataka kueleza namna ya kuchagua kisu ambacho mtu aweza kukitegemea shambani, chomboni na safarini, akiwa mbali na duka na mbali na msaada.

MFANO WA CHUMBI

Tumechukua mfano wa Chumbi, Wilaya ya Rufiji. Huko si nchi ya karafuu, lakini ni nchi inayojaribu chombo cha mkononi kuliko shamba lolote letu. Ni nchi ya mto mkubwa. Mto Rufiji hushuka hadi kwenye delta yake, ambayo sehemu kubwa imo katika Wilaya ya Kibiti, kisha huingia baharini kwa midomo mingi kuelekea kisiwa cha Mafia. Watu wa visiwani waijua Rufiji tangu zamani kwa boriti za mikoko zilizoletwa na majahazi kwa kujengea nyumba, nyingine zikapelekwa mpaka Arabuni.

Watu wa bonde hilo hulima mpunga katika ardhi ifurikayo maji. Wakati wa kulinda mpunga na ndege na nguruwe, watu hukaa shambani katika dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo. Huenda huku na huku kwa mtumbwi, na mtoni mna mamba na viboko. Mwezi wa Aprili mwaka 2024 mafuriko makubwa yaliziingia wilaya za Rufiji na Kibiti, yakawatoa watu wengi katika nyumba zao na mashamba yao.

Mtu anayehama na maji hawezi kubeba vyombo vyote. Lakini kisu atakibeba. Kisu hicho kimoja kitakata kamba iliyonasa, kitachonga fito za kibanda, kitakata matete, kitapasua samaki na kumenya muhogo. Kikivunjika, hakuna duka la kununulia kingine. Basi atakaye kujua kisu chema na ajiulize: je, hiki chaweza kukaa mwezi mmoja katika dungu la Rufiji? Kikiweza hayo, shamba la mikarafuu halitakishinda.

KISU CHA ALA NA KISU CHA KUKUNJA

Kisu cha kukunja ni kizuri mfukoni, kwa kumenya chungwa au kukata uzi wa gunia. Lakini kina kiungo katikati, na kiungo hicho ndicho udhaifu wake. Mchanga na matope huingia ndani, chumvi hula chemchemi yake, na ukikisukuma kwa nguvu chaweza kujifunga juu ya vidole vyako. Kisu cha ala hakina kiungo. Bapa na msuka wake ni kipande kimoja cha chuma tangu nchani hadi ndani ya mpini. Tena chaweza kuchomolewa kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa umeshika tawi au ukingo wa mtumbwi. Kwa kazi ya hatari chagua kisu cha ala.

MSUKA

Msuka ni ile sehemu ya chuma inayoingia katika mpini. Hapa ndipo ilipo siri yote. Kuna visu ambavyo msuka wake ni mfupi kama kidole gumba, nao umegandishwa kwa gundi tu. Dukani huonekana sawasawa na vingine. Siku utakapokitumia kubandulia gome au kupasulia kuni, mpini utabaki mkononi na bapa litaruka. Panga lenye kasoro hiyo ni baya zaidi, kwani bapa lake ni zito nalo huruka mbali, na katika shamba letu mara nyingi kuna wachumaji na watoto wanaookota karafuu chini ya miti.

Msuka ulio bora ni ule wenye upana wa mpini mzima na urefu wa mpini mzima. Utautambua kwa kuwa chuma huonekana kama mstari kuzunguka mpini, na vipande viwili vya mti vimebanwa pande zote mbili kwa ribiti, mbili au tatu. Wa pili kwa ubora ni msuka mwembamba unaopita ndani ya mpini mpaka mwisho, ukatokeza kitakoni na kugongwa ukafungika. Huu nao hufaa, maadamu pana noleo, yaani pete ya chuma pale bapa linapoingia, ili mti usipasuke. Usiponunua kwa mojawapo ya hizo mbili, umenunua bahati.

Jaribio la dukani ni hili. Funga bapa kwa kitambaa, lishike imara, kisha gonga kitako cha mpini juu ya meza polepole. Mlio mmoja mkavu ni dalili njema. Ukisikia mtikisiko au mlio wa pili ndani, kirudishe.

CHUMA

Chuma laini, kama cha msumari, hakishiki makali hata kikinolewa mchana kutwa. Kisu kinataka pua. Katika pua ya kawaida, kinachoifanya iweze kuwa ngumu ni kaboni iliyomo: ikiwa chini ya sehemu 3 katika 1,000 haifai kwa makali, na pua ya visu na mapanga huwa na sehemu 6 hadi 10 hivi katika 1,000.

Kuna pua ya kawaida ishikayo kutu, na kuna pua isiyoshika kutu upesi kwa sababu imechanganywa na madini ya kromiamu. Ile ya kwanza hunoleka kwa urahisi hata kwa jiwe la mtoni, nayo ni bora kwa shamba. Hii ya pili yafaa kwa mvuvi na baharia, ambaye kisu chake hulala katika maji ya chumvi. Lakini jihadhari, kwani si kila chuma cheupe kisichoshika kutu kinafaa kwa kisu. Kipo kinachotengenezewa vijiko na sufuria, ambacho hakiwezi kufanywa kigumu kwa moto. Chukua sumaku ndogo, hata iliyotoka katika spika mbovu ya redio. Ikiwa bapa halivutwi kabisa na sumaku, hicho ni chuma cha kijiko. Kiache. Ikiwa lavutwa, bado hujamaliza. Chukua tupa uipitishe kidogo karibu na mpini. Tupa ikiteleza au ikiuma kwa shida, pua imekazwa. Ikichimba kama inachimba risasi, ni laini.

Wahunzi wetu hutengeneza visu na mapanga kwa springi za magari, na springi ni pua njema sana. Lakini ubora wake hutegemea moto na maji. Mhunzi hupasha bapa mpaka liwe jekundu, kisha hulizamisha ili likaze. Springi yafaa kuzamishwa katika mafuta, kwani maji baridi yaweza kuipasua ufa usioonekana. Kisha ni lazima apashe tena kwa moto mdogo, kisu mpaka kiingie rangi ya majani makavu, panga mpaka liwe zambarau au buluu. Asiyepasha mara ya pili hukupa chombo kigumu lakini kikavu kama kigae, kikigonga fundo la mti kinamenyeka. Muulize mhunzi wako kama hupasha mara ya pili. Aijuaye kazi yake atafurahi kuulizwa.

UKUBWA NA UMBO

Wengine hudhani kisu kikubwa ndicho chenye nguvu. Kwa kazi nyingi, bapa la sentimita 10 hadi 15 latosha, na mgongo wenye unene wa milimita 3 hadi 4. Chini ya hapo ni kisu cha samaki, na juu ya hapo ni kizito na hakikati vizuri. Kazi ya kufyeka mwachie panga. Kazi ya kugema ina kotama yake. Kisu chenye meno mgongoni, dira kitakoni na tundu la kutilia viberiti ndani ya mpini ni cha kupambia kiuno: mpini ulio mtupu ndani hauna nafasi ya msuka.

MPINI NA ALA

Shika mpini kwa mkono uliolowa maji. Ukiteleza dukani, utateleza zaidi mkono ukiwa na jasho, matope au damu ya samaki. Mti mgumu usiopakwa rangi ya kung'aa hushikika vizuri. Tundu dogo kitakoni lifaa kutiwa kamba, maana kisu kilichoanguka mtoni au juu ya mkarafuu hakirudi salama.

Ala ya ngozi ni nzuri nchi kavu, lakini hunyonya maji ya chumvi na kuyahifadhi juu ya chuma. Baharini ala ya mti au ya plastiki yenye tundu nchani, maji yapate kutoka, ni bora. Ndani ya basi au chombo, kisu kikae ndani ya ala, na ala ndani ya mzigo.

KUNOA NA KUTUNZA

Kisu butu ni cha hatari kuliko kikali, kwani mwenye nacho hutumia nguvu, na nguvu ikiteleza huenda mwilini. Ukinoa, inua mgongo wa kisu kidogo juu ya kinoo, usibadilishe mwinamo, na unoe pande zote mbili sawa. Ukitumia tupa kwa panga, sukuma upande mmoja tu, usirudishe.

Baada ya kazi osha kwa maji baridi, kausha, kisha paka mafuta membamba, ya nazi au ya mashine. Wajapani tangu zamani walipaka panga zao mafuta yaitwayo choji, na choji kwa lugha yao ni karafuu. Basi matone machache ya mafuta ya makonyo, kama yale yanayotoka katika kiwanda cha Wawi, Pemba, yaweza kuchanganywa na mafuta mengine. Lakini usiyapake matupu, kwani huunguza ngozi na hulainisha baadhi ya plastiki.

KISU NA MIKARAFUU YETU

Jambo hili latuhusu sisi zaidi ya wote. Wataalamu waliochunguza maradhi ya mikarafuu Zanzibar katika miaka ya 1950 walionyesha kuwa ukungu uitwao Cryptosporella eugeniae, unaokausha matawi, huingia mtini kwa njia ya majeraha. Tawi lililovunjwa wakati wa kuchuma na gome lililochanwa kwa panga butu ni mlango uliofunguliwa. Kwa hiyo kisu kikali si anasa ya mkulima. Tawi likikatika vibaya, lisawazishe kwa mkato mmoja safi, wala usilichanechane. Na panga lisipigwe karibu na shina wakati wa kupalilia.

MTU AKIJIKATA

Bonyeza jeraha kwa kitambaa safi mpaka damu isimame, inua kiungo juu, na damu ikituama osha kwa maji safi na sabuni. Usitie udongo wala majivu. Kisha nenda zahanati ukaulize habari ya sindano ya pepopunda, hata kama jeraha ni dogo, hasa ikiwa kisu kilikuwa na udongo au samadi.

KABLA HUJATOA FEDHA

1. Je, msuka wafika mwisho wa mpini?
2. Je, pana ribiti au noleo, na mlio ni mmoja?
3. Je, sumaku yavuta, na tupa yateleza?
4. Je, mpini washikika kwa mkono wenye maji?
5. Je, ala yatoa maji, na kisu hakianguki ukikipindua?

Kisu kikishinda maswali yote matano, kinunue hata kama haking'ai na hata kama bei yake imezidi kidogo. Kikishindwa swali la kwanza, usiendelee na mengine. Mrudishie mwenye duka, uende duka la pili.