Tetanosi: mukasi mudogo wenye zinki ndani

Kila mutu mwenye amefanya kazi ya shimo anajua namna inakuwaka. Musumari unatoboa boti, ao ncha ya mutalimbo inaingia kwenye muguu, damu inatoka kidogo tu. Mutu anapangusa na kitambaa, anafunga, anarudi chini juu mifuko haijajaa. Kilonda kinakauka. Halafu, wiki moja ao mbili nyuma, asubuhi moja, anashindwa kufungua kinywa ili akule bukari.

Ni hapo jamaa wanaanza kutafuta nani amemuroga. Tunawaelewa. Mugonjwa anakaza shingo, mugongo unajipinda kama upinde, mulango ukipigwa tu maumivu yanarudi, na akili yake iko nzima kabisa: anawaona wote, anawasikia wote. Hata jina ambalo Waswahili wa pwani waliupa ugonjwa huu, pepopunda, lina pepo ndani yake. Sisi huku tunasema tetanosi. Lakini tukisoma kazi ya wale wenye wamechunguza ugonjwa huu kwa zaidi ya miaka 100, tunakuta habari ya kushangaza kupita ile ya pepo, na inagusa moja kwa moja udongo wenye tunachimba.

Mwaka 1884, katika muji wa Göttingen, Ujerumani, Arthur Nicolaier alichukua udongo wa kawaida, akauingiza chini ya ngozi ya wanyama. Wanyama wakashikwa na tetanosi. Miaka mitano nyuma, Mujapani Shibasaburo Kitasato, mwenye alikuwa anafanya kazi kwa Robert Koch kule Berlin, alifaulu kuikuza mikrobe yenyewe peke yake. Wengine walikuwa wameshindwa, sababu mikrobe hii haivumilii hewa. Ikikosa mahali pazuri inajifunga ndani ya ganda gumu, inalala katika udongo na mavi ya wanyama miaka na miaka, na hata maji ya kuchemka hayaiui kwa urahisi. Inaamuka siku inapata nafasi yenye nyama iliyokufa na pasipo hewa.

Kwa hiyo tundu jembamba la musumari, lenye kujifunga juu na kubakiza uchafu ndani, ni la kuogopa kuliko kilonda kipana chenye kutoka damu nyingi. Na hapa turekebishe neno moja lenye tunasikia kila siku: kutu haileti tetanosi. Musumari mupya wenye kung'aa, kama umelala katika udongo, una hatari ileile.

Tuingie sasa katika habari ya jeni. Kila kiumbe kinabeba ndani yake maandishi ya urithi, ADN, yenye kusema namna ya kujijenga. Mwaka 2003, katika muji uleule wa Göttingen, watafiti walitangaza kwamba wamesoma maandishi yote ya mikrobe ya tetanosi. Kitabu chake kikubwa kina herufi karibu milioni 2.8. Lakini pembeni ya kitabu kuna kikaratasi kingine, kimejifunga kama pete, chenye herufi 74,000 na kidogo. Wanakiita plasmidi. Namna ya kutengeneza sumu haikuandikwa katika kitabu. Imeandikwa pale, kwenye ile pete, jambo lenye lilikwisha kuonekana tangu mwaka 1984. Kwenye pete hiyohiyo kuna pia agizo la kutengeneza kitu kingine chenye kuyeyusha nyuzi zenye kushikilia nyama ya mwili.

Kumbe mikrobe inaweza kupoteza ile pete. Ikiipoteza, haikufi. Inaendelea kuishi na kuzaa kama kawaida, ila haina tena sumu. Maana yake, katika udongo wetu kuna ndugu wawili wenye kufanana kabisa, mumoja anaua na mwingine hawezi kitu, na tofauti yao ni kikaratasi kimoja. Kwa macho, hata kwa darubini, huwezi kuwatenganisha.

Na sumu yenyewe inafanya nini? Watu wa Kipushi, mutusikilize vizuri. Watafiti walipopanga maagizo ya ile jeni, waliona kipande kimoja chenye kufanana na kile cha vimeng'enya vyenye kutumia zinki. Ndiyo ile zinki, madini yenu. Mwaka 1992 kundi la Giampietro Schiavo na Cesare Montecucco, katika muji wa Padova, Italia, lilionyesha kwamba sumu ya tetanosi ni mukasi, na kwenye makali ya ule mukasi kuna atomu moja ya zinki. Ukiondoa zinki, mukasi haukati. (Musiogope: kuchimba zinki hakumupi mutu tetanosi. Kila mwili una zinki yake.)

Sumu ina sehemu mbili. Moja inashika mushipa wa fahamu kama ndoano. Ya pili ndiyo mukasi. Inaingia katika mushipa kule kwenye kilonda, inapanda polepole ndani yake mupaka kwenye uti wa mugongo. Pale inatafuta mishipa yenye kazi ya kutuliza, ile yenye kuambia musuli: basi, legea. Mukasi unakata kamba moja ndogo yenye kusaidia kutoa ule ujumbe, na amri ya kulegea haitoki tena. Musuli unabaki na amri ya kukaza tu. Fikiri shimo lenye winchi yake haina tena breki.

Sumu hii ina ndugu yake, ile ya botulisimu, yenye kutoka katika chakula kibaya. Mubelgiji Émile van Ermengem aliipata mikrobe yake kiisha mambo ya Ellezelles, kule Ubelgiji, mwaka 1895, wakati wanamuziki walikula nyama ya nguruwe yenye kuharibika kiisha maziko. Aina moja ya botulisimu, aina ya B, inakata kamba ileile, mahali palepale kabisa. Lakini yenyewe inabaki kwenye musuli, haipande kwenye uti wa mugongo, na inazuia amri ya kukaza. Mugonjwa wa tetanosi anakauka kama muti. Wa botulisimu analegea kama nguo. Mukasi ni mumoja, nyumba ndiyo tofauti.

Botulisimu ina aina saba zenye kujulikana tangu zamani, A mupaka G, na dawa ya moja haizuie nyingine. Tetanosi ina aina moja tu. Jeni ya sumu yake karibu haibadilike toka inchi hii mupaka ile. Ndiyo sababu chanjo moja inatosha dunia nzima, na ile sindano ya mutoto wa Ujerumani inamulinda pia mutoto wa Kolwezi. Gaston Ramon wa Institut Pasteur alionyesha njia yake katika miaka ya 1920: unachukua sumu, unaiweka katika formoli na joto, inapoteza ukali lakini inabakia na sura yake. Mwili unajifunza ile sura.

Bila chanjo, mwili haujifunzi. Sumu yenye kutosha kuua mutu wa kilo 70 haifiki hata sehemu moja ya milioni ya gramu moja: kidogo sana, mwili hauamuke. Hata mwenye amepona tetanosi anaweza kuipata tena, na anapashwa kupewa chanjo.

Hapa ndipo tunawageukia baba. Watoto wetu wanapata Penta kwa wiki 6, 10 na 14. Mama wakiwa na mimba wanachanjwa, na hivyo kitovu cha mutoto kinalindwa, mradi tusikipake udongo wala majivu. Lakini ule baba mwenye kushuka katika shimo kila siku na mikono mitupu, nani alimuita mara ya mwisho? Wengi wanafika kwenye kituo cha afya siku musumari umeisha kuingia, wanaomba "SAT", wanarudi nyumbani wakifikiri mambo yamekwisha.

SAT na VAT si kitu kimoja. SAT ni ulinzi wa kuazima: inakamata sumu yenye bado kuzunguka katika damu, na kiisha wiki chache imekwisha. Ile yenye imeingia katika mushipa, SAT haiifikie tena. VAT ndiyo chanjo. Mutu muzima mwenye hakuchanjwa bado anapewa mbili za kwanza, zikiachana kwa wiki nne, ya tatu kiisha miezi sita, halafu rapeli. Ukienda na kilonda, uliza munganga: hii munanipa ni SAT ao VAT? Na kama ni SAT peke yake, uliza VAT utaipata siku gani, na mwambie aandike tarehe kwenye karatasi yako.