Kuku wa Kilebanoni Juu ya Jiko la Eldoret

Mji wa Eldoret, uliotandaa juu ya nyanda za Uasin Gishu kwa kimo kipatacho mita 2,100 juu ya bahari, una jioni zenye baridi. Basi ni faraja kubwa kuketi kando ya jiko la makaa, na hasa panapobanikwa kuku wa Kilebanoni aitwaye shish tawuk, nduguye mishkaki ya mwambao wetu.

Siri yake imo katika kulowekwa. Kidari kisicho mifupa hukatwa vipande vya kadiri ya tonge, vikachanganywa na mtindi, ambao si adimu katika nchi hii ya wafugaji, pamoja na maji ya ndimu, kitunguu thumu kilichopondwa, mafuta na chumvi, vikaachwa mahali penye baridi kwa saa 4 au zaidi, kwani ukali wa mtindi hulainisha nyama.

Kisha vipande hutungwa vijitini na kubanikwa juu ya makaa yaliyokwisha kuvaa jivu, wala si juu ya ndimi za moto, hata ndani pasibaki wekundu. Nazo pilipili hoho, biringani na vitunguu vitungwe mbali, kwa sababu huiva kwa muda wake.

Vyote hutiwa ndani ya mkate wa pita uliopashwa moto, au chapati ukikosekana, na kupakwa toum, mchuzi ambao jina lake la Kiarabu ndilo asili ya thumu yetu.

Tahadhari moja, ewe msomaji: mtindi uliolowekewa nyama mbichi umwagwe, usipakwe kamwe juu ya nyama iliyoiva.