Leseni za Programu Ofisini: Ni za Nani, na Zinaisha Lini?

Leseni ya kaunti umeibandika ukutani na mkaguzi akiingia anaiona. Sasa tuulizane: leseni ya ile programu unayotumia kuandika ankara na kupiga hesabu ya mishahara iko wapi? Kwa biashara nyingi ndogo jibu ni, "Muulize yule wa hesabu." Na yule wa hesabu aliacha kazi mwezi wa tatu.

Ukilipia programu, mara nyingi hununui programu yenyewe. Unanunua ruhusa ya kuitumia. Ruhusa hiyo ina mwenyewe, ina idadi ya watu au mashine, na kwa kawaida ina tarehe ya kuisha.

Hebu chukua ofisi ya watu sita pale Nakuru. Wa hesabu alifungua akaunti ya programu kwa barua pepe yake mwenyewe, akaweka namba yake ya simu, akalipa kwa laini yake kisha akarudishiwa pesa. Wakati huo ilionekana ni rahisi, na kusema kweli ilikuwa rahisi. Lakini ujumbe wa kukumbusha unaenda kwake. Nambari ya siri ya kuingilia inatumwa kwake. Tarehe 28 wafanyakazi wanangoja mshahara na kompyuta inakuambia muda umekwisha. Kama mliachana vizuri, atapokea simu. Kama hamkuachana vizuri, kazi unayo.

Kwa hivyo akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya ofisi, kwa namba ya simu ya biashara, na ilipiwe kutoka akaunti ya biashara. Mtu akiondoka, unabadilisha nenosiri siku hiyo hiyo na maisha yanaendelea.

Tena usidhani leseni zote ni sawa. Microsoft 365 Business Standard huhesabiwa kwa mtu: mmoja anaweza kuiweka kwenye kompyuta hadi 5, lakini wenzake hawawezi kujibanza kwenye akaunti yake. Windows iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani kwa kawaida imefungwa na mashine hiyo. Mashine ikifa, nayo imeenda. Hata neno "bure" lina masharti yake. TeamViewer ni ya bure kwa matumizi ya binafsi tu, na ikishuku unaitumia kikazi inaweza kukukatia katikati ya shughuli. LibreOffice, kwa upande mwingine, ni bure hata ofisini. Kwa ofisi inayoandika barua na majedwali ya kawaida, hiyo inatosha kabisa, na sioni kwa nini watu wanaiogopa.

Pia angalia viti vitupu. Tuseme unalipa Sh1,500 kwa kila mtu kwa mwezi, na wawili kati ya sita walishaondoka. Hizo ni Sh36,000 kwa mwaka zinazolipia watu ambao hawapo.

Halafu kuna ile njia ya mkato: fundi anakuwekea programu ya kulipia bila leseni, kwa bei ya soda. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda programu za kompyuta, kwa hivyo hapo tayari una kesi ukishikwa. Lakini kinachotutia wasiwasi zaidi sisi wa malipo ni kitu kingine. Vile vifaa vya kufungulia programu mara nyingi hukutaka uzime antivairasi kwanza. Ukishaizima, hujui ni nini kingine kimeingia, na kompyuta hiyo hiyo ndiyo unayoitumia kuingia kwenye akaunti ya malipo ya biashara. Mwenye kuiba nenosiri hapo hahitaji kuja dukani.

Kuziweka leseni sawa hakuhitaji mtaalamu. Jedwali moja linatosha: jina la programu, imesajiliwa kwa barua pepe gani, nani anaitumia, inaisha lini, bei, na kodi ya muamala kutoka kwenye SMS ya malipo. Kodi hiyo ndiyo itakayokusaidia ukibishana na muuzaji kwamba ulilipa. Ila kumbuka SMS inaonyesha pesa zilitoka. Haionyeshi ulinunua nini. Ukinunua kwa muuzaji wa hapa nchini, dai ankara ya eTIMS, kwa sababu tangu Januari 2024 KRA huitaka ndipo ikubali gharama nyingi za biashara.

Kama umeunganisha kadi inayokatwa yenyewe, weka kengele kwenye simu siku 14 kabla ya tarehe. Hapo una muda wa kuhesabu viti, kuondoa waliohama, na kuhakikisha pesa zipo. Usipotaka kuendelea, futa usajili kwenye akaunti ya programu yenyewe. Kuifuta programu kwenye kompyuta hakusimamishi malipo.