Wanaume 25 na Msichana Mmoja: Maelezo juu ya Jewel Box Revue

Katika michezo ya jukwaani ya Marekani palikuwa na aina moja ambayo haina jina lililozoeleka katika Kiswahili. Ni onyesho la usiku, lifanywalo katika vilabu vya starehe au katika majumba ya michezo, ambamo wanaume huvaa mavazi ya kike, wakaimba, wakacheza na kufanya masihara mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio. Onyesho hilo halisimulii kisa kimoja tangu mwanzo hata mwisho kama ifanyavyo tamthilia. Limeungwa kwa vipande vifupi vifupi: wimbo, kisha ngoma, kisha mzaha, kisha wimbo tena, na kila kipande hujitegemea.

Mfano ulio bora wa kueleza aina hiyo ni kundi la Jewel Box Revue, yaani Onyesho la Kisanduku cha Vito. Lilianzishwa Miami, katika jimbo la Florida, mwaka 1939, likazunguka miji ya Marekani kwa zaidi ya miaka 30. Kundi hilo lastahili kuchunguzwa kwa sababu mbili. Kwanza, liliwaweka jukwaani pamoja watu wa rangi mbalimbali katika zama ambazo sheria na desturi za nchi ziliwatenga. Pili, na jambo hili lawahusu zaidi wanafunzi wa lugha, mzaha wake mkuu ulisimama juu ya jambo la sarufi, na jambo hilo lina matata yake likitiwa katika Kiswahili.

Ustadi wa mwanamume kuigiza mwanamke haukuzaliwa Miami. Katika siku za Shakespeare, huko London, sehemu za wanawake katika tamthilia zilichezwa na wavulana. Huko Japani, wanawake walikatazwa kupanda katika jukwaa la kabuki mwaka 1629, na tangu hapo wanaume wameurithishana ustadi huo kizazi baada ya kizazi. Katika Marekani yenyewe aliyepata sifa kuliko wote mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa Julian Eltinge, aliyezaliwa mwaka 1881 na kufariki mwaka 1941. Sifa zake zilienea hata jumba la michezo lililofunguliwa mwaka 1912 katika Mtaa wa 42, New York, likapewa jina lake. Watu wa heshima, waume kwa wake, walikwenda kumtazama bila ya haya, na wanawake wengi walistaajabia jinsi alivyojua kuchagua nguo.

Heshima hiyo haikudumu. Kati ya mwaka 1920 na 1933 ulevi ulipigwa marufuku katika Marekani, na starehe za usiku zikaingia mafichoni. Marufuku ilipoondolewa, vilabu vilirudi kufanya kazi kwa leseni, na mwenye leseni alikuwa chini ya macho ya polisi. Vilabu vichache vilijipatia wateja kwa kuajiri wanaume walioigiza wanawake. Kimojawapo ni Finocchio's cha San Francisco, kilichofunguliwa mwaka 1936 na kufungwa mwaka 1999. Pengine polisi waliuvumilia mchezo huo, pengine waliukataza. Eltinge mwenyewe, katika uzee wake, alinyimwa ruhusa ya kuvaa mavazi ya kike katika kilabu kimoja cha Los Angeles mwaka 1940. Akasimama jukwaani kwa suti ya kiume, nguo zake zimetundikwa kando, akaimba nyimbo zake huku akizionyesha kwa kidole nguo ambazo angalizivaa.

Katika hali hiyo ndipo Danny Brown na Doc Benner, waliokuwa wenzi wa maisha na wa kazi, walipolianzisha kundi lao. Nia yao ilikuwa kulipa onyesho hilo hadhi ya jumba kubwa la michezo. Mavazi yalikuwa ya thamani, wapiga muziki walikuwa hai jukwaani, na waimbaji waliimba kwa sauti zao wenyewe. Jambo hili lataka kutiliwa maanani, kwani baadaye wengi wa wenye ufundi huo waliacha kuimba, wakawa wanachezesha midomo tu kuifuatisha sahani ya santuri.

Wachezaji walikuwa Weupe, Weusi, watu wenye asili ya nchi zisemazo Kihispania na Wenyeji wa asili wa Amerika. Kundi kama hilo lilipopanga safari, lilipanga na mambo ambayo kundi la rangi moja halikuwa na haja ya kuyafikiri: nani atakubaliwa kulala wapi, nani atauziwa chakula wapi, na ni mlango upi utakaofunguliwa kwa nani. Sheria ya nchi iliyokataza ubaguzi katika hoteli, mikahawa na majumba ya starehe haikupitishwa mpaka mwaka 1964, yaani miaka 25 baada ya kundi kuanza. Miongoni mwa majumba lililoyarudia mara kwa mara ni Apollo, lililomo Harlem, New York, ambalo lilikuwa kitovu cha muziki wa Wamarekani Weusi. Katika kumbi kadha wa kadha kundi lilitazamwa na Weusi na Weupe waliokaa pamoja, jambo lililokuwa nadra katika zama zile.

Kati ya wale waliopita katika kundi hilo walitoka watu waliojulikana katika majumba makubwa zaidi. T. C. Jones aliingia katika onyesho la New Faces la mwaka 1956 huko Broadway, na mwaka uliofuata akaongoza onyesho lake mwenyewe lililoitwa Mask and Gown. Lynne Carter, aliyekuwa hodari wa kuiga sauti na mwendo wa waimbaji mashuhuri wa kike, alipanda katika jukwaa la Carnegie Hall mwaka 1971, akiwa mtu wa kwanza wa ufundi wake kufika hapo.

Wachezaji wa aina hii hawakuwa wote na kazi moja. Mtaalamu wa elimu ya jamii za watu, Esther Newton, aliyewachunguza katika Chicago na Kansas City katika miaka ya 1960 na kuandika kitabu kiitwacho Mother Camp kilichotoka mwaka 1972, aliwagawa katika mafungu manne: wachezaji wa ngoma, waimbaji, wenye kuonyesha uzuri, na wachekeshaji. Mwenye kuonyesha uzuri hutaka mtazamaji asahau kwamba amtazamaye ni mwanamume. Mchekeshaji hutaka kinyume chake. Huvaa nguo iliyozidi kiasi, hutembea kwa mwendo uliozidi kiasi, kisha katikati ya sentensi ya sauti nyororo hushuka ghafula kwa sauti nzito ya kiume, na watazamaji wakapasuka kwa kicheko. Onyesho zuri huwapanga wawili hao kwa zamu: wa kwanza hulijenga fumbo, wa pili hulibomoa, nalo hujengwa tena.

Jewel Box Revue iliongeza fumbo la pili juu ya lile la kwanza. Katika matangazo yake iliahidi wanaume 25 na msichana mmoja. Basi mtazamaji alikaa usiku kucha akiwakagua wale warembo waliopita mbele yake, ajue ni yupi kati yao aliye mwanamke wa kweli. Aliutazama mkono, akautazama mguu, akaitazama shingo. Akanong'onezana na jirani yake. Aliyekuwa akiwatangaza wachezaji na kuimba katikati ya vipande ni kijana mmoja mtanashati, mwenye suti nyeusi ya usiku, nywele fupi na sauti nzito. Huyo hakuna aliyemkagua. Karibu na mwisho kijana huyo aliimba wimbo wa kulifumbua fumbo, akajitambulisha: msichana alikuwa ni yeye.

Huyo ni Stormé DeLarverie, aliyeshika kazi hiyo tangu mwaka 1955 hata 1969. Alizaliwa New Orleans mwaka 1920, mama yake Mweusi na baba yake Mweupe, akaanza kuimba angali kijana. Mwaka 1961 mpiga picha mashuhuri Diane Arbus alimpiga picha akiwa katika mavazi yake ya kiume. Ufundi wake ulikuwa wa kujizuia kuliko kuzidisha. Wenziwe waliongeza poda, vito na nywele za bandia. Yeye alipunguza, mpaka pakabaki suti, sauti na kusimama wima.

Hapa ndipo mwanafunzi wa lugha anapokuta jambo la kumfaa. Kiingereza, katika nafsi ya tatu ya umoja, humlazimisha msemaji achague kati ya kiwakilishi cha kiume na cha kike. Mtazamaji wa New York hakuweza kumwambia jirani yake kwamba mtu fulani anaimba vizuri ila alikuwa amekwisha jibu swali la fumbo, ama kwa haki ama kwa kosa. Mchekeshaji alilijua hilo, akaufanya ulimi wake uteleze kwa makusudi kutoka kiwakilishi kimoja hata kingine. Katika Kiswahili mtelezo huo hauwezekani. "Anaimba vizuri" husemwa kwa mwanamume na kwa mwanamke vilevile, na neno "yeye" halifichui lolote. Mfasiri wa masihara hayo hupoteza nusu ya kicheko. Kwa upande mwingine hupata faida, maana katika Kiswahili mtu aweza kuhadithia maisha yote ya yule mtangazaji tangu mwanzo hata mwisho, na siri ikatunzwa bila ya jitihada yoyote.

Lakini isidhaniwe kwamba Kiswahili hakina mahali pa kuonyesha jambo hilo. Kina mahali pake, ila si mahali pa Kiingereza. Kitenzi cha Kiingereza cha ndoa ni kimoja kwa mume na kwa mke. Katika Kiswahili mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Mchekeshaji aliyevaa gauni akiulizwa jukwaani, "Je, umeoa au umeolewa?", swali hilo lina nguvu ileile ya kiwakilishi cha Kiingereza, kwani kila jibu litamfichua, na kila kusita kutachekesha. Mfasiri mwerevu atauhamisha mzaha kutoka katika kiwakilishi aupeleke katika kauli ya kutendwa.

Liko pia suala la jina. Kiswahili kina maneno ya dharau kwa mwanamume mwenye mwendo wa kike, na maneno hayo hayafai hapa, kwa kuwa humtukana mtu kwa tabia inayodhaniwa kuwa yake, ilhali linaloelezwa ni kazi na ujira. "Kujifanya" nalo lina harufu ya udanganyifu. Na mtazamaji wa Jewel Box Revue hakudanganywa, alilipa kwa kujua. Neno "kuiga" liko karibu zaidi na maana, na "kuigiza" lina hadhi ya jukwaa. Tena kiambishi ki- cha namna chafaa sana: huyu alivaa kike, yule aliimba kiume. Kiambishi hicho hutaja namna ya kutenda, hakihukumu asili ya mtendaji, nao huo ndio mpaka ambao wachezaji wenyewe waliulinda.

Walikuwa na sababu ya kuulinda. Katika jimbo la New York palikuwa na sheria ya mwaka 1845, iliyotungwa dhidi ya wapangaji wa mashamba waliowaasi wenye ardhi huku wamejipaka rangi na kujibadili mavazi wasitambulikane. Karne moja baadaye polisi waliitumia sheria hiyohiyo kuwakamata watu waliovaa nguo za jinsia nyingine. San Francisco ilikuwa na sheria yake tangu mwaka 1863, nayo haikufutwa mpaka mwaka 1974. Kwa hiyo gauni lileile lililokuwa vazi la kazi juu ya jukwaa liligeuka kuwa ushahidi wa kosa barabarani. Newton aliona kwamba wachezaji wa jukwaani walijitenga na wale waliovaa hivyo mitaani, wakahesabu kuwa ni alama ya ustadi kuyaacha mavazi katika chumba cha kuvalia. Heshima hiyo ilikuwa na bei yake: mtu aliyeshangiliwa saa nne za usiku alitoka kwa mlango wa nyuma saa nane, uso umeoshwa, asitambulikane.

Mwaka 1969 Stormé DeLarverie aliacha kundi. Mwezi Juni wa mwaka huohuo polisi waliivamia baa ya Stonewall Inn huko New York, wateja wakakataa kutawanyika, na yeye alikuwamo katika fujo zile. Baada ya hapo vijana wengi hawakuona tena haja ya mpaka kati ya jukwaa na barabara. Jewel Box Revue, iliyojengwa juu ya mpaka huo, ilizorota katika miaka ya 1970 mpaka ikatoweka. Mtangazaji wake wa zamani alifanya kazi ya ulinzi katika milango ya baa za wanawake hata uzeeni, akafariki mwaka 2014. Mwaka 1987 Michelle Parkerson alitoa filamu juu yake, iitwayo Stormé: The Lady of the Jewel Box.

Alipoulizwa aitwe kwa kiwakilishi kipi, cha kiume au cha kike, Stormé aliwaachia waulizaji wachague wenyewe lile lililowaridhisha. Mfasiri wa Kiswahili hana swali hilo la kumwuliza. Ana kazi nyingine: kutafuta mahali ambapo lugha yake yenyewe humtaka msemaji achague, na kuupeleka mzaha huko.