Nani analipa siku za Kasumbalesa?

Mwenye malori akinialika ofisini kwake, aghalabu mazungumzo huanza na mafuta. Madereva wanaiba, ananiambia, kisha ananionyesha mihuri ya matangi, kamera za ndani ya kichwa cha lori na skrini ukutani yenye vidoti vya kijani vinavyotembea kuelekea Tunduma, mpakani na Zambia. Mimi huomba karatasi moja kwanza: mchanganuo wa posho ya safari.

Chukua safari iliyozoeleka kwa kampuni nyingi za Dar es Salaam: salfa kwenda migodi ya Katanga nchini Kongo, shaba kurudi bandarini. Kabla ya kutoka yadi, dereva hukabidhiwa fedha kwa mkupuo. Humo mna chakula chake na cha utingo, maegesho ya usiku, kuziba pancha, vocha ya simu na tozo ndogondogo za njiani. Kinachosalia ndicho chake. Ofisi inaupenda utaratibu huu kwa kuwa hauna risiti wala maswali. Lakini maana yake ni kwamba kila siku lori linaposimama, gharama ya kusimama inatoka mfukoni mwa dereva.

Na malori husimama sana. Foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, inaweza kumeza siku kadhaa, na mle ndani hulali vizuri kwa sababu ukichelewa kusogea mwenzako ameshaziba nafasi. Agosti 2024 Zambia ilifunga kwa muda mpaka wake na Kongo kwa sababu ya mvutano wa kibiashara. Mzigo ulikuwa wa mteja, lori la kampuni, mvutano wa serikali mbili. Chakula cha siku zile kilibaki kuwa shauri la dereva. Posho ikiisha, mtu mwenye madumu matupu hakosi kupita kando ya foleni usiku.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza si kufunga kifaa kingine. Tenganisha mafungu. Fedha ya lori isimamiwe kwa risiti na irudishwe ikibaki. Fedha ya dereva ihesabiwe kwa siku, na iendelee kuhesabiwa gari likiwa limezima injini mpakani. Kampuni nyingi humtoza mteja fidia gari likicheleweshwa kupakuliwa. Sioni kwa nini aliyekaa na gari siku zote hizo asipate fungu lake katika fidia hiyo.

Wenye mali huniambia hiyo ni huruma, si biashara. Huwa nawatajia kampuni ya Marekani iitwayo J.B. Hunt. Mwaka 1997, ikiwa imechoshwa na madereva kuacha kazi ovyo, ilipandisha malipo yao ya kila maili kwa zaidi ya theluthi moja na kuelekeza nguvu katika kuajiri wenye uzoefu. Watafiti Daniel Rodríguez na Michael Belzer walichambua kumbukumbu za madereva wa kampuni hiyo na kuona kwamba waliolipwa zaidi walipata ajali chache zaidi. Malipo ya maili yana kasoro zake, kwani na yenyewe humfanya mtu achukie kusimama. Hata hivyo, fedha iliyoongezwa kwenye mishahara ilionekana pia kwenye usalama barabarani.

Tuje kwenye saa. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni kilomita zinazokaribia 930. Lori zito haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kwa milima, matuta, vijiji na mizani kuanzia Vigwaza hadi Mpemba, wastani wa kilomita 45 kwa saa si mbaya. Hapo una saa 21 za usukani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 9 za kawaida kwa siku, inakataza kazi kuzidi saa 12, na inadai saa 12 mfululizo za kupumzika kabla ya kuanza tena. Msimamizi anayetaka lori lililotoka leo asubuhi liwe Tunduma kesho asubuhi ameamuru sheria ivunjwe, ingawa hajaandika popote. Likipinduka, ripoti itasema uzembe wa dereva.

Kabla ya kuikubali ripoti hiyo, soma daftari la ubovu ambalo kila lori linalo, au linapaswa kuwa nalo. Nikifika yadi hulipekua kutoka nyuma kuja mbele. Dereva anaandika breki inavuta kushoto. Safari inayofuata anaandika tena. Ya tatu anaandika "breki" tu. Baada ya hapo kurasa ni tupu, na fundi mkuu atakuapia kwamba gari lile halina tatizo kwa sababu halijalalamikiwa.

Kuhusu simu nina neno dogo: anayepokea simu ya dereva saa nane usiku awe na mamlaka ya kutuma fedha ya tairi bila kumwamsha mkurugenzi. La sivyo asikae kwenye simu hiyo.

Sasa turudi kwenye ile skrini. Mahali pamoja nilikuta kijana wa chumba cha ufuatiliaji akiwa amempigia dereva wa umri wa baba yake.

"Mzee, shikamoo. Hapa naona lita arobaini zimeshuka. Umefungua tangi wapi?"

"Marahaba. Mwanangu, hapo nilikuwa napanda mlima Kitonga."

Kijana akaandika kwenye ripoti kwamba dereva amekwepa swali. Ukweli ni kwamba alikuwa amemjibu kitaalamu. Tangi likiinama, dizeli hukimbilia upande mmoja, na kipimo kilichomo ndani kikasoma pungufu au zaidi kutegemea kimefungwa wapi. Tulipovuta grafu mbele, zile lita zilikuwa zimerudi lori lilipofika tambarare kuelekea Ilula. Dizeli iliyouzwa hairudi tangini. Dereva yule alikuwa ameshakatwa mshahara mara moja kwa grafu ya namna hiyohiyo.

Mtambo si mbaya; unahitaji msomaji aliyewahi kukaa kwenye lori lenye mzigo, walau safari moja hadi mpakani. Angejua pia kwamba injini inayonguruma kwenye foleni hunywa lita mbili tatu kila saa bila kwenda popote, na lori lililobeba hutumia takriban lita moja kwa kilomita mbili, tofauti kabisa na linapokwenda tupu. Kupanga kiwango kimoja cha mafuta kwa lori lililobeba na lililo tupu ni kualika ugomvi.

Wezi wapo, na wengine wana mtandao wenye mizizi hadi kwa mlinzi wa geti. Nao washughulikiwe. Weka mezani risiti za vituo, grafu nzima wala si kipande chake, daftari la ubovu na siku za foleni, kisha mwite dereva pamoja na mwenzake wa chama cha wafanyakazi au anayemwamini, aeleze. Asipoeleweka, mfukuze kwa kufuata utaratibu. Lakini kama siku za foleni hazikulipwa, kikao hicho kianze na meneja.