MAUMIVU YA KISIGINO WAKATI WA ASUBUHI

Kiboko, kando ya njia kuu iendayo Mombasa, kama kwingineko, mkulima huamka alfajiri, akakanyaga chini, na mara kisigino chamchoma kama aliyekanyaga mwiba. Hutazama, mwiba haumo. Akiisha kwenda hatua chache maumivu hupungua, kisha jioni hurejea.

Wengi hudhani ni baridi yabisi. Sivyo. Chini ya unyayo pana utando mgumu, mfano wa ukanda, utokao kisiginoni hata penye vidole, nao ndio ushikao tao la mguu. Ukivutwa mno siku nyingi huumia pale uliposhikamana na mfupa; na kwa kuwa usiku hukaza, hatua ya kwanza ndiyo mbaya. Huwapata hasa watu wa miaka 40 hata 60, wanene, na wasimamao kutwa juu ya saruji.

Dawa iliyo bora haina bei. Kabla hujashuka kitandani, weka mguu unaouma juu ya goti la pili, vishike vidole, uvivute kuelekea muundi hata unyayo ukaze, uhesabu 10. Fanya hivyo mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Chupa ya maji baridi ikiviringishwa chini ya unyayo nayo hutuliza. Akala za mpira wa gari zadumu, sina ugomvi nazo, lakini ni bapa. Uweke kitu laini chini ya kisigino.

Wengi hupona, ila kwa miezi, pengine mwaka. Mguu ukivimba, ukifa ganzi, au homa ikiandamana na maumivu, nenda hospitali ya Makindu siku ile ile.