Juu ya Mpelelezi wa Kike, na Wasomaji Wanavyohitilafiana

Kitabu cha Alexander McCall Smith kiitwacho "The No. 1 Ladies' Detective Agency" kilitolewa Edinburgh mwaka 1998, na tangu hapo wasomaji wake hawajapatana. Mtungaji alizaliwa Bulawayo mwaka 1948, akawa mwalimu wa sheria, na kwa muda alifundisha Botswana. Na Botswana ndiyo nchi ya hadithi yake. Mhusika mkuu ni Precious Ramotswe, mwanamke afunguaye ofisi ya upelelezi chini ya kilima cha Kgale, Gaborone, naye hana mtaji ila gari dogo jeupe, katibu mmoja, na birika la chai. Wako wakisifuo kitabu kwa upole wake na kwa heshima waliyopewa watu wake. Wako wasemao kwamba si hadithi ya upelelezi hata kidogo. Na wako wasemao kwamba ni Afrika iliyotiwa sukari na mgeni ili wageni wenziwe waifurahie. Yafaa kutazama hitilafu hizo zinavyokuwa pindi kitabu kinaposomwa na mtu wa Moshi au wa miteremko ya Kilimanjaro, ambaye hapana shaka mtungaji hakumtazamia.

Msomaji huyo haji mikono mitupu. Amekwisha kumjua Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyetokea katika "Mzimu wa Watu wa Kale", hadithi iliyoshinda mashindano ya miaka ya 1957 na 1958 na kupigwa chapa mwaka 1960. Bwana Msa hana cheo cha polisi. Silaha zake ni kiko na akili. Baadaye walikuja Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, watu wa bastola na safari za mbali. Katika hadithi hizo mwanamke ni maiti, au ni mtego, au, kama Nuru kwa Joram Kiango, ni msaidizi apendwaye. Kwa hiyo asemaye kwamba kitabu cha Bi. Ramotswe ni baridi asema kwa mazoea ya Willy Gamba. Bunduki imo, lakini yatumika kumwua mamba aliyemla mtu aliyekuwa akibatizwa mtoni. Mdanganyifu ajitiaye kuwa baba wa msichana fulani afichuliwa kwa Bi. Ramotswe kuvaa nguo za muuguzi na kumtaka damu kwa ajili ya mwanawe. Aliyelelewa na Bwana Msa hataona ugeni hapo, kwani hiyo nayo ni hila ya akili. Lawama hii ya kwanza, basi, ni nyepesi.

Lawama ya sukari ni nzito zaidi, na Kilimanjaro huipa uzito ambao msomaji wa London hauoni. Hadithi nzima imesimama juu ya urithi. Baba yake, Obed Ramotswe, aliyefanya kazi migodini Afrika Kusini, amwambia binti yake wa pekee auze ng'ombe na kununua biashara. Aliposikia kwamba biashara yenyewe ni upelelezi, alitaka kusema neno, akakata roho kabla ya kulimaliza. Binti auza ng'ombe, afungua ofisi. Kwa mila ya Wachaga kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa pamoja na makaburi ya wazee ndani yake, hurithiwa na wana wa kiume: mzaliwa wa kwanza hupewa mahali pake, na kitinda mimba hubaki katika kiwanja cha baba. Ng'ombe nao kwa desturi hawakufugwa kwa makundi. Walifungwa ndani wakaletewa majani, na majani mengi yalitoka tambarare, yakapandishwa mlimani juu ya vichwa vya wanawake. Hivyo aliyemlisha ng'ombe hakuwa ndiye aliyemrithi. Msomaji aliyekulia huko afikapo mahali ambapo ng'ombe wanauzwa hana budi kuuliza: baba wadogo wako wapi? Mbona hapana hata mmoja abishaye hodi?

Swali hilo si la hadithi tu. Tamko la mwaka 1963 lililoandika sheria za mila za makabila yafuatayo ukoo wa baba lilimruhusu mwanamke kutumia ardhi ya ukoo, si kuiuza. Katika kesi ya Ephrahim na Pastory mwanamke wa Kihaya, aliyeachiwa shamba na baba yake kwa wosia, aliliuza, akashtakiwa na jamaa yake wa kiume. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mwanamke aweza kuuza kama auzavyo mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo yabatilisha mila imnyimayo mwanamke haki ya ardhi. Mkononi mwa aijuaye habari hii, Bi. Ramotswe si ndoto tupu: wosia wa baba upo, na binti aliyeuza yupo. Kilicho sukari ni ukimya wa jamaa. Mtungaji amempa mwanamke ushindi bila kumwonyesha mshindani, na hapo wamlaumuo wana haki.

Baki ni jambo la lugha. Jina la ofisi likisemwa "Shirika la Upelelezi la Wanawake", shirika ni lao. Likisemwa "Shirika la Upelelezi wa Wanawake", huenda wanawake ndio wapelelezwao, na silabi moja imegeuza biashara nzima. Tena mwanamume aulizaye habari za watu huitwa mpelelezi, na mwanamke aulizaye hayo hayo huitwa mdaku. Kwa upande mwingine Kiswahili chamsaidia mtungaji wa hadithi za namna hii kuliko Kiingereza: shahidi asemapo "nilimwona akitoka", hakutaja mume wala mke, na siri yaweza kukaa kurasa mia bila hila yoyote.

Neno gumu kuliko yote ni "Mma", heshima apewayo mwanamke kwa Kitswana. "Bi." lafaa pwani na ofisini, lakini mlimani lasikika kama la daftari la shule. Neno la kila siku la Moshi ni "Mama". Ila "Mama Ramotswe" kwa sikio la Mtanzania ni mama aliyemzaa Ramotswe, hali Ramotswe ni jina la babaye. Na mwanamke huyu alizaa mtoto mmoja tu, naye alikufa angali mchanga.